Sakafu Isiyopigwa

Kutembea na Fundi mjini kulikuwa aibu. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe nilimwambia. Mnavuka daraja la Nyali asubuhi kutoka kwetu Kisauni, mmekusudia kwenda sokoni na kurudi kabla jua halijawa kali, mara huyo keshasimama katikati ya njia. Kichwa juu, mdomo wazi, baiskeli zinampigia kengele kulia na kushoto, naye hana habari. Hatazami mtu, anatazama jengo. Akilipenda hulisogelea akaweka kiganja ukutani, na akidhani hapana amwonaye, huweka na shavu.

"Fundi, watu watasema u mwendawazimu," nilimwambia siku moja mbele ya ofisi moja mpya.

"Na waseme," akajibu bila kugeuka. "Hebu itazame kona ile, Mwanaisha. Haikukatwa. Imezungushwa kama ukingo wa bakuli. Aliyeijenga yuwajua upepo wapita wapi."

Mimi nilikuwa na kapu kichwani na jua lilinichoma utosi. Nilitazama, nikaona kona.

Hiyo ilikuwa miaka ya arubaini, wakati wa vita na baada yake, mji ulipojaa askari na bandari haikulala. Kisiwani kulikuwa kumeota majengo mapya ya watu wote: ofisi, mahakama, mahospitali, sinema. Yalikuwa meupe, yamenyooka, hayana nakshi, na mapaa yao bapa. Wazee waliyaita masanduku. Walisema nyumba isiyo na mlango wa nakshi ni nyumba iliyokosa uso. Fundi aliwasikiliza kwa adabu, kisha tukishawapita huninong'oneza kwamba wale watazama milango kwa kuwa shingo zao haziinuki tena. Na kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kuyachukia majengo yale, basi alikuwa yeye, maana simiti ndiyo iliyomtoa kazini na kumtia midomoni mwa watu. Yeye akayapenda. Nimeishi jirani yake pale Mishomoroni, huko huko Kisauni, miaka kumi na zaidi, na hilo nilichelewa sana kulielewa.

Siku ya kwanza alipojaribu kuingia mahakamani, askari wa mlangoni alimzuia kwa fimbo.

"Una kesi?"

"Sina."

"Shahidi?"

"Si shahidi."

"Basi wataka nini humu?"

"Nataka kuiona dari."

Askari akaitazama kanzu yake, akavitazama na viatu, akamwambia aende akaione dari ya kwao. Kwao kulikuwa na makuti. Juma la pili Fundi akarudi na kofia ya kuazima, akasema ni shahidi, akapita. Alikaa benchi la nyuma asubuhi nzima akisikiliza kesi ya mbuzi wa watu asiowajua. Hakimu alipoinuka, wote wakainuka, isipokuwa yeye, kwa sababu alikuwa ameegemeza kisogo ukutani akiifuata mihimili kwa macho. Alitolewa kwa kushikwa mkono. Alinisimulia haya akicheka mpaka akapaliwa. Alipomaliza kucheka aliteremsha sauti, akaniambia kwamba ukumbi ule ulikuwa mpana kama uwanja wa ngoma na hapana nguzo hata moja katikati. "Laiti kungekuwa na mtu mwingine aliyeona," alisema. "Tungekaa tukazungumza. Haya mambo nayabeba peke yangu, Mwanaisha, na ni mazito."

Nilimwambia nimeacha samaki motoni.

Sasa nieleze kazi yake. Kwetu pwani nyumba ya mawe haikuezekwa, ilifunikwa kwa paa bapa tuliloliita sakafu. Boriti hulazwa juu ya kuta, juu ya boriti mawe madogo, juu ya mawe chokaa, kisha chokaa ile hupigwa. Hupigwa siku tatu, hata nne, kwa vipande, yaani magongo mafupi yaliyochongwa bapa mwishoni. Wapigaji huwa wengi, wanawake kwa wanaume, wamejipanga safu, wanaimba. Wimbo haukuwa wa kujipumbaza. Wimbo ndio uliofanya vipande vishuke pamoja, na visiposhuka pamoja sakafu huwa na mabonde, na bonde hukaa maji. Aliyeimbisha nilikuwa mimi. Fundi alipita katikati yetu peku, akinyunyiza maji ya chokaa, akisikiliza kwa nyayo. Alikuwa akisimama ghafla, akamwambia mtu, "Hapa hujafika, rudi," na kweli hapo palikuwa hapajashiba. Toka Junda mpaka ng'ambo ya Likoni, mwenye kutaka sakafu isiyovuja alimtafuta yeye. Na neno lake lilikuwa moja, kila mwanafunzi wake alilijua: sakafu isiyopigwa ni uji uliokauka.

Halafu ikaja zahanati.

Vita vilikuwa vimeanza. Mpaka siku zile sisi wa vijiji vile, mtu akiugua, hubebwa mpaka ng'ambo ya daraja. Ikasemwa tutajengewa zahanati upande wetu, ya mawe, yenye paa bapa kama yale majengo ya kisiwani. Kuta zilipofika juu, msimamizi wa kazi akauliza nani fundi wa sakafu hapa, na kila kidole kikamwonyesha yeye. Sijapata kumwona mtu akifurahi vile bila kucheka. Alikuja kibarazani kwangu akakaa. "Nimefunika majumba ya wenye mali, nimefunika na misikiti," akaniambia. "Sasa nafunika nyumba ya kila mtu. Hata wewe ukiumwa na kitwa, waingia." Alitaka hilo kuliko kitu chochote: jengo la watu wote, upande wetu wa maji, na mkono wake juu yake.

Lakini safari hii haikuwa chokaa. Ilikuwa simiti, kokoto na vyuma, imemwagwa juu ya mbao, ikasawazishwa kwa siku moja. Jioni ile msimamizi akampa agizo. "Sasa msiiguse. Ilowesheni maji, basi. Mtu asiikanyage siku saba." Kisha akavuka kwenda kisiwani kwenye kazi nyingine.

Fundi alitusimulia agizo hilo kwa kicheko. "Ati tusiiguse! Sakafu ya watu wagonjwa, tuiache ilale kama ugali kwenye sinia? Huyu yuwataka kazi yake iishe upesi, aende zake." Hapana aliyempinga. Nani angempinga? Asubuhi tulipanda watu thelathini, vipande mabegani, nikaanzisha wimbo. Tulipiga siku ile na siku ya pili. Haikulia kama chokaa. Chokaa huitikia kwa sauti nzito, ya tumboni. Ile ilitoa mlio mkavu, mwembamba, nasi tukaupenda. "Sikilizeni," akasema Fundi, uso unang'aa, "yalia kama kengele." Kumbe tulichokuwa tukikisikia ni simiti inavunjika. Hapana aliyekosea kwa uvivu pale. Tulikosea kwa bidii, kwa jasho, na kwa nyimbo nzuri kuliko zote nilizopata kuimbisha.

Masika ya kwanza ikavuja. Haikuvuja mahali pamoja, ilivuja kila mahali. Wanawake wenye watoto wa homa walihamisha mabenchi kutoka pembe hii kwenda ile, mwisho wakatoka nje wakasimama chini ya upenu wa nyumba ya jirani. Msimamizi akaja, akapanda, akaziona nyufa, akashuka. Sakafu ikabomolewa kwa nyundo, yakawekwa mabati. Fundi alisimama uwanjani kutwa akitazama inavyobomolewa. Watu walikuwa wengi, wakaacha nafasi kumzunguka. Na mimi niliiacha nafasi hiyo. Nilikuwa naogopa mtu asije akakumbuka nani aliimbisha.

Watu wa kwetu hawana ukatili, wana mzaha, na mzaha usiokoma ni ukatili mtupu. Akipita, mtu humwita kutoka dirishani, "Fundi! Kwangu kwavuja!" na nyumba nzima ikacheka. Kisimani mkewe aliulizwa kila alfajiri kama amelala pakavu. Alivumilia mwaka mmoja, kisha akafunga mzigo akaenda kukaa kwa binti yao Takaungu. Hawakugombana. Aliniambia siku ya kuondoka, "Yeye simkimbii. Nakikimbia kisima." Fundi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunga mlango.

Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyefunika misikiti alikaa katika kibanda cha udongo na makuti, ukuta mmoja umeegemezwa kijiti, na kijiti hicho nacho kimeegemezwa jiwe. Nilipomtania alisema nyumba yake haina mgeni wa kuiangukia. Zahanati hakupita mbele yake tena. Alikuwa akizunguka kwa njia ya mashambani, mwendo mrefu, ili asiyaone yale mabati. Alipopata homa ya kutetemeka alivuka daraja kwa miguu yake mpaka hospitali ya kisiwani, akarudi na dawa mfukoni na habari za ngazi. Habari za homa sikuzipata. Ngazi zilikuwa na vidato vifupi, aliniambia, vya mguu wa mgonjwa, na mwenye kuzipima lazima alikuwa na mama mzee.

Hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Mume wangu alipofariki, watu walikuja matangani wakalia nami, wakanishika mikono. Fundi alikuja siku ya pili, akanipa mkono wa pole, kisha akasema, "Ukuta wako wa kaskazini umetoka tumbo." Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa sauti mpaka wanawake wakaja kunishika. Juma lililofuata niliamka nikasikia mwiko unakwaruza nje. Alikuwa ameubomoa ule ukuta nusu na anaujenga upya, hana salamu. Alipomaliza akaosha mikono akaenda zake. Sikumwita ale. Mpaka leo sijui kwa nini sikumwita, chakula kilikuwapo.

Nilijaribu kumfariji mara moja kwa maneno ya kawaida. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo liko zima," akasema. "Ni mhunzi aliyepiga asichokijua."

Ndipo nilipofahamu safari zake za mjini. Mimi nilidhani anazurura kama mtu aliyefukuzwa. Kumbe alikuwa anasoma. Kila Ijumaa baada ya sala alivuka, akachagua jengo moja, akakaa nalo mpaka alasiri. Aliwauliza vibarua mambo ya kijinga: mmeimwagia maji mara ngapi, mmeifunika na nini, mbao mmeziondoa lini? Walimcheka, lakini walimjibu. Simiti ilikuwa adimu kwa ajili ya vita, basi aliokota mifuko mitupu karibu na bandari, akaikung'uta juu ya karatasi mpaka akapata nusu debe. Nyuma ya kibanda chake alitengeneza vipande viwili vya sakafu, kila kimoja ukubwa wa mkeka wa kusalia. Kimoja alikipiga. Kingine alikilowesha maji tu, akakifunika gunia, akakaa mbali nacho siku saba. Mvua ilipokuja aliniita nije nitazame.

"Ndoo uone."

Kilichopigwa kilikuwa kimekunywa maji mpaka chini. Kingine maji yalisimama juu yake, yakatulia kama ndani ya sahani. Fundi alichutama akavitazama vyote viwili.

"Yataka kuachwa," akasema. "Miaka yote nawafundisha watu kupiga, na hii yataka kuachwa. Yule bwana aliniambia, nami nilimcheka."

Aliwaalika na wengine waje waone. Hakuja mtu. Vipande vile vilikaa pale mvua na jua, kuku wakapafanya kwao.

Kipimo chake cha jengo zuri hakikuwa urefu wala weupe. Alimtazama anayengoja. Jengo la watu wote, alisema, nusu ya maisha yake ni kungojewa, maana watu wanangoja daktari, wanangoja karani, wanangoja jina lao liitwe. Kulikuwa na hospitali kisiwani yenye ubapa wa zege uliotoka juu ya mlango kama ukingo wa kofia, na chini yake walienea watu kumi bila kubanana. Hiyo aliipenda kama mtu anavyompenda ndugu. Kulikuwa na ofisi nyingine ndefu na nyeupe, watu wakiisifu sana, mlango wake ukifunguka moja kwa moja kwenye jua. Hapo alikuwa akikasirika, akitema mate pembeni. Siku moja saa sita mchana alinisimamisha chini ya kivuli cha ile hospitali.

"Simama hapo."

"Sina shughuli hapa, Fundi."

"Ndipo nataka usimame. Wasikia upepo?"

Niliusikia. Ulikuja wa baridi kutoka ubavuni, kutoka kwenye vitundu vilivyoachwa ukutani makusudi. Nikavua mtandio nikajifuta shingo. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mtu fulani, nisiyemjua, aliyekaa na karatasi mahali nisipopajua, alikuwa amefikiri habari ya shingo yangu. Sikumwambia Fundi. Ningemwambia angefurahi mwaka mzima, nami nilibana kinywa kwa sababu ya ubishi tu.

Vita viliisha. Miaka michache baadaye ikaanza kujengwa shule upande wetu, si mbali na Junda: madarasa manne, baraza pana mbele, na juu yake paa bapa la zege. Kila mtu alijua Fundi atakwenda, na kila mtu alijua atakataliwa. Msimamizi alikuwa kijana wa bara aliyesomea kazi hiyo, mtu wa heshima.

"Mzee, nimesikia habari yako," alimwambia. "Wewe ndio uliharibu paa ya dispensari."

"Ndimi."

"Sasa unataka nikupe kazi gani?"

"Yoyote ya juu."

"Haiwezekani, mzee wangu. Watu watanilaumu."

Fundi alirudi kesho yake, akakaa juu ya rundo la mawe akitazama. Akarudi kesho kutwa. Alikaa pale kuta zikipanda, miezi mitatu, na siku moja alimwambia yule kijana, bila kuulizwa, kwamba miti ya kuegemeza upande wa kusini imesimama juu ya shimo la zamani la taka, haitahimili uzito. Wakachimba. Shimo lilikuwapo. Siku ile kijana alimpa chai.

Zege likamwagwa mwezi wa njaa, wakati vibarua wengi walikuwa wakitoroka kwenda kulima mashamba yao kabla ya mvua. Ikabaki kazi moja asiyoitaka mtu: kupanda juu kila saa kulowesha maji, na kisima kiko mbali. Kijana akamtazama mzee juu ya mawe.

"Mzee, utaweza kumwaga maji peke yake? Usifanye kitu kingine?"

"Kumwaga tu," akasema Fundi. "Nimejifunza."

Basi yule aliyekuwa akitembea kati ya watu thelathini wanaoimba, akapanda ngazi peke yake na debe. Alilifunika zege kwa magunia, akalilowesha, akashuka, akateka, akapanda. Ameambiwa siku saba, yeye akalowesha kumi na nne. Alihamia pale na mkeka wake. Alifukuza kunguru, alifukuza mbuzi, na mchana wa jua kali alikuwa akionekana kutoka barabarani amesimama ukingoni, mwembamba, hana wa kusema naye.

Siku ya nne tulimwendea. Nasema tulimwendea kwa sababu nilikuwamo. Walikuwa wapigaji wa zamani, wanawake sita au saba, mtu akaja na wazo la kumchekesha mzee, na tukachukua vipande vyetu mabegani. Tulisimama chini pale nikaanzisha wimbo, tukawa tunapiga ardhi. "Fundi! Tumekuja kukusaidia! Tupande?" Alitokea ukingoni na debe lake. Nilidhani atatutukana, na ingekuwa heri. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamimina debe zima la maji, na sikwambii alivyoteka mbali maji yale, akatumwagia. Tulikimbia tunacheka. Nilipofika nyumbani nikabadili nguo, nikakaa kitandani, nikaona haya kama sijapata kuona haya maishani mwangu.

Shule ilifunguliwa kwa kanzu nyeupe na hotuba. Wakubwa walishukuriwa, msimamizi akashukuriwa, hata aliyetoa mbuzi wa karamu akashukuriwa. Fundi alisimama nyuma kabisa, nje ya uzio wa makuti, akitazama juu ya vichwa vya watu. Watu walilisifu paa lile. Walivuka hata wa kisiwani kuja kuliona, wakasimama barazani wakasema, alaa, Kisauni nao wana jengo.

Masika ikaja shule imefungwa, watoto wako makwao. Ilianza usiku, asubuhi ikawa inanyesha kana kwamba haitakoma. Nilijitanda gunia nikatoka. Sikuwa na shughuli yoyote upande ule, nilitaka kujua tu. Njiani nilikuwa nikisema moyoni, Mungu wangu, lisivuje, lisivuje.

Mlango wa darasa la mwisho ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameketi benchi la watoto, magoti yamefika kifuani, uso juu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Funga mlango, watia maji."

Nikafunga. Nikakaa benchi la pili. Nyumba ya mabati mvua ile ingetuziba masikio. Mle ilisikika mbali, kama yanyesha kwa majirani.

"Umekaa tangu lini?"

"Tangu ilipoanza."

"Na?"

Akanyoosha kidole pembeni. "Kona ile ndiyo niliyoiogopa. Nenda kaishike."

Nilipanda juu ya dawati, mtu mzima mimi, nikaipapasa dari mpaka pembe. Ilikuwa kavu. Nilipapasa tena, nikaweka kiganja chote, nikakiacha. Nilipoteremka nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Siku ile tulipokuja na vipande," nikasema. "Nisamehe, Fundi."

"Nilikuona. Ndiwe uliyeanzisha."

"Ndimi."

"Ulianza juu mno," akasema. "Wenzio hawakuweza kukufuata."

Nikacheka huku nalia. Tukakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile niliinua shingo nikatazama anachokitazama, na alinionyesha, polepole, wapi mbao zilikutana, wapi zege lilimwagwa kwanza na wapi mwisho, na jinsi mwanga ulivyoachiwa njia juu ya ubao wa kuandikia ili mtoto wa nyuma naye asome. Aliongea kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea, akirudia maneno. Sikumwambia nina kitu motoni.

"Leo leo watajua," nikamwambia nilipoinuka. "Nitapita nyumba kwa nyumba. Nitawaambia nani aliyelilea paa hili."

Akanishika mkono kwa nguvu.

"Usithubutu. Wallahi, Mwanaisha, usithubutu. Waliniona na debe, wadhani nalikuwa mchota maji tu. Wakijua ni mkono wangu uliolilea, wataanza kutafuta ufa. Na mwenye kutafuta ufa hakosi kuuona. Watautazama mpaka wautoboe kwa mato." Akauachia mkono wangu, akautengeneza mtandio wangu begani kama mtu anayeomba radhi. "Waache walipende. Tangulia wewe. Mimi nikionekana natoka humu na mvua hii, watajua."

Nikatangulia. Barabarani nilikutana na mwenzangu mmoja, alikuwa mpigaji tangu enzi za zahanati, ila siku ile ya mzaha hakuwamo, na yeye amejitanda gunia, anatoka kisimani. Akaashiria shule kwa kidevu.

"Yavuja?"

"Haivuji hata tone."

"Mashallah," akasema, akasimama kuitazama. "Hiyo ndiyo kazi. Ni fundi gani huyo, wamjua?"

"Simjui," nikamwambia.